Mizani Mbili za Mwanza: Saadani Kandoro, Pamba na Shairi

Ugomvi mkubwa wa magulio ya pamba ya Usukuma, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ulikuwa ugomvi wa mizani. Mkulima aliwasili na mzigo wake, ameshaichambua pamba, safi mbali na fifi mbali. Mnunuzi akaipima, akasoma uzito, akautaja, akahesabu fedha. Kati ya kusoma na kutaja palikuwa na mwanya, na katika mwanya huo ratili za mkulima zilipotea. Hakuwa na wa kumlalamikia, maana aliyepima ndiye aliyenunua, na aliyenunua ndiye aliyeandika daftarini. Lakini Kiswahili kina mizani nyingine pia, nayo ni hesabu ya silabi katika mshororo wa shairi: nane hadi kina cha kati, nane nyingine hadi kina cha mwisho, jumla kumi na sita. Mizani hii haina mwenyewe. Yeyote mwenye sikio aweza kuihesabu kwa vidole, na mtunzi akipunguza au akizidisha, hata msikilizaji aliyekaa mwisho wa baraza humkamata. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 Mwanza ilikuwa na mtu aliyefanya kazi baina ya mizani hizo mbili, Saadani Abdu Kandoro. Wanaomwandika kwa kawaida humkata vipande viwili: mwanahistoria huchukua mwanasiasa, na mwalimu wa fasihi huchukua mshairi. Makala haya yanadai kwamba mkato huo unaficha jambo. Shairi halikuwa pambo la siasa za Kandoro, bali zana yake ya kazi. Na yaliyolipata shairi hilo baada ya uhuru yataeleweka vizuri tukiuliza swali lile lile la gulioni: nani anaisoma mizani, na nani amesimama karibu ya kumsahihisha?

Kandoro alizaliwa Ujiji mwaka 1926, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Jambo hilo lina uzito. Ujiji ulikuwa mji wa Waswahili na Wamanyema mamia ya maili kutoka pwani, mji uliolelewa na misafara, vyuo vya Kurani na biashara ya ziwani. Kiswahili pale hakikuwa lugha ya shule wala ya bomani. Kilikuwa lugha ya kutaniana, kubembeleza na kugombana. Mji huo huo ulimtoa Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa miaka miwili kabla ya Kandoro, na ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954, mwaka ule ule kilipozaliwa chama cha TANU. Vijana wa namna hii walikua wakisoma Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, ambalo kurasa zake za mashairi zilikuwa uwanja wa watu wasioonana uso kwa uso: mmoja anauliza kwa beti kutoka Tanga, mwingine anamjibu kwa beti kutoka Tabora, wa tatu anawakosoa wote wawili vina vyao. Kwa hiyo kabla Kandoro hajashika kazi ya siasa, alikuwa amekwisha kulelewa katika desturi ambayo ndani yake hoja hutolewa hadharani, kwa kipimo kinachojulikana, na jibu husubiriwa. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Njia hiyo ya chuma ndiyo iliyoliunganisha ziwa lake na ziwa la Mwanza.

Mwanza aliyoikuta ilikuwa mji wa bandari na vinu vya kuchambulia pamba, wenye makarani, wachukuzi, wachuuzi na mafundi waliotoka kila upande wa Jimbo la Ziwa. Nyuma ya mji ilikuwapo Usukuma, nchi ya wakulima na wafugaji iliyokuwa imechoshwa na amri. Mpango wa maendeleo wa Usukuma ulileta sheria ndogo juu ya matuta, juu ya mazao, juu ya idadi ya ng'ombe, na faini kwa asiyetii. Malalamiko ya amri hizo na malalamiko ya mizani yalikutana kwa watu wachache. Paul Bomani, mwana wa mchungaji wa Kisabato, alianza kama katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, kisha akaongoza chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Dawa yao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: wakulima wawe na mpimaji wao, asiye mtu wa mnunuzi, asimame pale pale kwenye mizani. Kutoka kwa mpimaji huyo vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika lililoitwa Victoria Federation, ambalo baada ya miaka michache lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika. Sambamba na ushirika kilikuwapo chama cha siasa, Tanganyika African Association (TAA), na katika jimbo hilo Kandoro alikuwa katibu, akifanya kazi na Bomani na Isaac Bhoke Munanka, Mkurya wa Tarime.

Kazi ya katibu wa chama cha aina hiyo ilikuwa nini hasa? Barua, safari, michango, na zaidi ya yote mikutano. Katibu alipaswa kuwafanya watu waliolalamika mmoja mmoja walalamike kwa sauti moja, na waendelee kuikumbuka sauti hiyo yeye akishaondoka. Hapo ndipo shairi lilipokuwa na kazi. Tulitazame kwa karibu. Neno mkulima lina mizani nne, kwa kuwa m yake ya mwanzo hutamkwa peke yake: m-ku-li-ma. Maneno mawili ya namna hiyo yanajaza nusu ya mshororo. Ubeti una mishororo minne, na mara nyingi wa mwisho ni kibwagizo kinachorudi katika kila ubeti. Mtu asiyejua kusoma akiusikia ubeti wa kwanza na wa pili, kwenye ubeti wa tatu ameshakijua kibwagizo naye anakiitikia. Hotuba ya saa nzima hubaki na aliyeitoa. Shairi la beti kumi huondoka na watu mia, likafika Magu au Sengerema siku hiyo hiyo bila karatasi wala posta. Na likipotoshwa njiani, vina na mizani hulirudisha mahali pake, kama vile jiwe la ratili lilivyokuwa likiirudisha mizani kwenye ukweli pale mpimaji wa wakulima alipokuwapo.

Shairi lake linalotajwa mpaka leo ni lile la siafu na nyoka. Fumbo lake halimtatizi mtu: wadudu wadogo wakishikamana, joka lenye shimo lake huliacha shimo. Kila mkulima ameona siafu wakimhamisha mtu na kitanda chake usiku wa mvua, hivyo picha haikuhitaji mfasiri. Lakini ufundi wake haukuwa katika wepesi tu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na macho mengi katika mikutano ya Jimbo la Ziwa. Msemaji akisema wazi kwamba mtawala aondoke, maneno yake yanaandikwa na kupelekwa kwa mkuu wa wilaya. Akisema siafu, amesema siafu, na hati ya mashtaka haina pa kushika. Fumbo lilikuwa kinga ya msemaji na wakati huo huo shule ya msikilizaji, maana aliyelifumbua mwenyewe hakuambiwa cha kuwaza, alikifikia.

Matokeo ya kazi hiyo yanaonekana katika hesabu moja. Tarehe 7 Julai 1954, TAA ilipogeuzwa kuwa TANU mjini Dar es Salaam, wajumbe waasisi walikuwa 17. Watano kati yao walitoka Jimbo la Ziwa: Kandoro, Abubakari Ilanga, L. B. Makaranga, Suleman Kitwana na Kisung'uta Gabara. Hakuna jimbo la bara lililokuwa na kundi la waasisi kubwa kama hilo. Serikali nayo ilisoma hesabu hiyo vizuri. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikataa kuandikisha matawi ya TANU Usukuma, na katazo hilo likadumu hadi 1958. Kwa miaka minne, katika nchi ya kabila kubwa kuliko yote Tanganyika, chama hakikuwa na ruhusa ya kupandisha bendera. Hata hivyo mwaka 1958, serikali ilipotaka kuwalazimisha watu wa Geita wakubali baraza la mchanganyiko wa rangi, maelfu waliandamana hadi Mwanza wakapigwa mabomu ya machozi. Mtu anayedhani siasa huishi ndani ya ofisi na kadi za uanachama hawezi kueleza ilitoka wapi sauti ya Geita. Anayejua kwamba maneno yanaweza kuishi midomoni tu anaanza kuelewa.

Hapa msomaji makini atapinga, na ana haki. Atasema: watu wa Geita hawakuandamana kwa sababu ya shairi. Waliandamana kwa sababu ya ng'ombe, matuta, faini na baraza wasilolitaka. Na wakulima wa Usukuma walijiunga na ushirika kwa sababu ya ratili zilizoibwa. Ondoa pamba na hakuna Bomani. Ondoa Kandoro na historia inabaki pale pale. Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake moja ni kweli tupu: njaa ya haki ilitoka shambani, si kwenye daftari la mshairi. Lakini linasahau kwamba pamba ilikuwa imeibwa kwa miaka mingi kabla ya wakulima kuwa na chama. Dhuluma peke yake haijengi umoja; mara nyingi huwafanya watu wanung'unike kila mmoja mlangoni pake. Isitoshe, malalamiko ya pamba yalikuwa ya Usukuma, ya kahawa ya Bukoba, ya ardhi ya Wameru ambao walihamishwa kwa nguvu mwaka 1951 na wakamtuma Japhet Kirilo hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Ili mkulima wa Kwimba aone kwamba shamba lililochukuliwa Meru linamhusu, palihitajika lugha inayotoka katika zao na kuingia katika nchi. Ushirika ulimpa mkulima mpimaji. Siasa ya akina Kandoro ilimwambia kwamba mizani ya gulioni na sheria ya bomani zilikuwa mkononi mwa watu walioelewana.

Pingamizi la pili ni la lugha. Wakulima wengi wa Usukuma wakati huo walizungumza Kisukuma nyumbani, na Kiswahili cha wengi wao kilikuwa cha sokoni. Shairi la mtu wa Ujiji lenye arudhi ya pwani lingewagusa vipi? Jibu la kwanza ni kwamba Usukuma haikuhitaji kufundishwa kwamba wimbo ni silaha. Muda mrefu kabla ya TANU, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilikuwa vikishindana kiwanjani, kila upande na manju wake, kila manju akitunga maneno ya kumwangusha mwenzake mbele ya umati unaotoa hukumu. Msikilizaji wa namna hiyo alikuwa na sikio lililokwisha kuiva. Jibu la pili ni kwamba ugeni wa Kiswahili ulikuwa faida. Wimbo wa Kisukuma ungebaki wa Wasukuma, na Mkerewe, Mjita, Mhaya na Mkurya wangebaki watazamaji. Kiswahili hakikuwa cha mmoja wao, hivyo kila mmoja alikiingia kwa mlango ule ule. Mfano wa jambo hilo ni uongozi wa Mwanza wenyewe, ambako mtu wa Tarime na mtu wa Ujiji waliweza kuisemea nchi ya Wasukuma pasipo kuulizwa mizimu ya babu zao imelala wapi.

La tatu linamhusu mtu mwenyewe: je, aliyeishi kwa ukarani na biashara ndogo anastahili kuitwa sauti ya wavuja jasho? Ulaya kaskazini historia ya usoshalisti ina watu kama Fabian Månsson wa Sweden, aliyefanya kazi ya mikono ya kujenga reli kabla hajawa mhariri, mbunge na mwandishi wa vitabu. Yeye alitoka kwenye sururu. Kandoro hakutoka kwenye kinu cha pamba. Lakini kumpima mtu wa Mwanza kwa kipimo cha Stockholm ni kubeba jiwe la ratili la watu wengine. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa TAA. Karani wa boma, mwalimu wa serikali na mganga msaidizi walilazimika kuchagua kati ya mshahara na chama. Katika nchi ambayo msomi karibu kila mmoja alikula mkononi mwa serikali, mwenye duka dogo, dereva na mchuuzi ndio waliobaki na uhuru wa kusema. Hawakuwa mabepari kwa maana yoyote ya maana. Mtaji wao ungeweza kumalizwa na leseni moja iliyonyimwa. Nchini Sweden mfanyakazi alijifunza kuandika katika magazeti ya chama chake. Hapa, mwenye kuandika alijifunza siasa kwa kuwaandikia wasioandika.

Kandoro aliandika pia nathari. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, alichapisha Mwito wa Uhuru, kitabu ambamo mshiriki anasimulia safari ya TAA na TANU, na ambacho wanahistoria wa siasa za Tanganyika wamekitumia kama ushahidi. Mashairi ya Saadani yalifuata mwaka 1972, na Liwazo la Ujamaa mwaka 1978. Yaweke majina ya kitabu cha kwanza na cha mwisho pamoja. Mwito ni sauti ya kumwamsha aliyelala. Liwazo ni sauti ya kumtuliza mwenye machungu. Majina mawili hayatoshi kumhukumu mtunzi, lakini yanatosha kutuonyesha kwamba mahali anaposimama mshairi palikuwa pamehama. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Rais Nyerere aliwaomba washairi walieneze, nao wakaitika. Mathias Mnyampala akaleta ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyosomwa na watoto wa shule katika sherehe nyingi za Tanzania. Mshairi aliyekuwa akisema kwa mafumbo mbele ya dola isiyompenda sasa alisema waziwazi mbele ya dola iliyomwalika.

Ubaya wa mabadiliko hayo si kwamba Kandoro aliamini ujamaa. Aliuamini, na alikuwa na sababu: mtu aliyeona wakulima wakishinda wizi wa mizani kwa kushirikiana hahitaji kusukumwa ili aamini kwamba ushirika ni njia ya maisha. Ubaya uko katika kilichotokea kwenye mizani yenyewe. Kati ya 1973 na 1976 operesheni za vijiji ziliwahamisha mamilioni ya watu nchini, Usukuma ikiwamo, wengi bila kuulizwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, pamoja na kile cha Nyanza kilichorithi kazi ya Victoria Federation, na ununuzi wa pamba ukabaki kwa mamlaka ya zao, chombo ambacho mkulima hakukichagua na hakuweza kukiondoa. Mpimaji wa wakulima, yule aliyesimamishwa pale gulioni kwa jasho la akina Bomani, hakuwa na mwajiri tena. Miaka miwili baadaye likatoka liwazo. Mtu atasema mshairi hakuvunja ushirika, na ni kweli. Lakini kazi ya shairi lake la zamani ilikuwa kumwonyesha msikilizaji mahali mizani inapopinda, na katika miaka hii mashairi ya chama, kwa jumla yake, hayakuifanya kazi hiyo.

Jibu la upande wa pili lilitoka ziwani pia. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alichapisha Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ukazuka mjadala mkali. Kandoro alisimama na wanamapokeo na kuitetea arudhi. Mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya Liwazo la Ujamaa, Kezilahabi akatoa Gamba la Nyoka, riwaya inayowatazama wanavijiji wakiletewa ujamaa, nao wana jambo la kusema juu yake. Ni sadfa, lakini sadfa yenye mafundisho: nyoka wa shairi la Kandoro alikuwa mgeni anayefukuzwa shimoni, katika jina la riwaya ya Kezilahabi nyoka amejivua gamba, na msomaji anaachwa ajiulize kama ni yule yule. Wengi huusimulia mgogoro huu kama ugomvi wa wazee na vijana, au wa jadi na usasa. Ukiutazama kutoka Mwanza unaonekana tofauti. Kandoro alikuwa amejua wakati ambapo mizani kumi na sita zilikuwa dhamana ya msikilizaji asiyesoma, kipimo cha wote kisichoweza kuchakachuliwa kimyakimya. Kezilahabi aliandika wakati ambapo mshororo ungeweza kutimia silabi zake zote ilhali mzigo uliomo umepungua. Kila mmoja aliisema kweli ya gulio alilolikuta.

Kwa hiyo kumwita Kandoro mwanasiasa aliyependa mashairi, au mshairi aliyepitia siasa, ni kuikosa historia yake. Nguvu ya shairi lake Mwanza haikutoka kwenye vina peke yake, wala kwenye chama peke yake. Ilitoka katika hali ambayo msikilizaji angeweza kujibu: kwa kuitikia kibwagizo, kwa kukataa kukiitikia, kwa kutunga beti za kupinga kama walivyofanya wasomaji wa Mambo Leo, au kwa kuandamana kutoka Geita. Silabi zikihesabiwa sawa, zinathibitisha kwamba mshororo ni mzima. Hazithibitishi kwamba habari iliyomo ni ya kweli. Wakulima wa Usukuma walilijua jambo hilo mapema kuliko wahakiki. Walipoibiwa hawakuivunja mizani, wala hawakuacha kulima pamba. Walitafuta mtu wao, wakamlipa, wakamwambia asimame mahali anapoweza kuzisoma namba na kuzitaja kwa sauti.